Sakafu Mpya ya Boti ya Kashindi

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya sungura kuvaa kanzu. Zamani hii ni ya karibu, na wajukuu wa waliokuwepo wanaibishania mpaka leo. Kaeni vizuri. Mwenye kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwishoni nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie kwamba katikati hakusikia.

Hapo zamani, katika kijiji cha Kasisiro kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo milima imeteremka mpaka majini na barabara imekosa pa kupita, waliishi mzee mmoja na mkewe na boti yao. Mzee aliitwa Kashindi. Mkewe aliitwa mke wa Kashindi. Na boti iliitwa boti ya Kashindi. Mmeona wenyewe: watatu hao walikuwa na jina moja, na mwenye jina alikuwa mzee.

Boti ile ilikuwa kongwe na ilikuwa nzuri. Iliundwa kwa mvule enzi za mkoloni, kwa ajili ya mpima ramani mmoja aliyependa vitu vya fahari. Ilikuwa na usukani wa duara kama wa gari na honi ya shaba iliyotoa sauti ya ng'ombe mwenye huzuni. Mpima ramani aliporudi kwao, alimwachia boti Kashindi, aliyekuwa nahodha wake. Ubavuni iliwahi kuwa na jina la kizungu, lakini jua na maji vililila mpaka zikabaki alama chache ambazo hata mwalimu wa shule alishindwa kuzisoma.

Mkewe naye alikuwa na jina lake. Aliitwa Mwavita. Ila pale Kasisiro mwanamke huitwa kwa mwanawe: Mama Riziki, Mama Almasi. Na mjukuu wa kike hupewa jina la bibi yake, hivyo bibi akishazikwa, jina lake linaendelea kuitwa uani kila siku: njoo ule, acha kumpiga mwenzako, nani kamwaga uji. Mwavita hakujaliwa mtoto. Hakuwa mama wa mtu, na hapakuwa na mjukuu wa kulirithi jina. Kijiji kizima kilimpenda, na kijiji kizima kilimwita mke wa Kashindi. Jina lake alilitaja mumewe peke yake, tena akiwa amekasirika: "Mwavita! Miwani yangu umeiweka wapi?" Naye, Mungu amsamehe, siku nyingine aliificha miwani makusudi ili aitwe.

Basi injini ya boti ikafa. Kashindi akaipandisha boti nchi kavu, akaiweka juu ya magogo ndani ya banda la nyasi, akaagiza kipuri. Kipuri kikachelewa mpaka watu wakasahau kama kiliagizwa. Sasa boti ya mbao ikikaa nchi kavu, mbao husinyaa na viungo vikafunguka, na siku ukiirudisha majini inakunywa ziwa. Mke wa Kashindi alilijua hilo, maana hakuolewa na nahodha bure. Asubuhi na jioni alishuka ziwani na ndoo yake, akaziba tundu la chini ya boti, akamwaga maji ndani ili mbao zinywe na zivimbe. Boti iliposhiba, alisimama akaitazama, akaihurumia, akaongeza ndoo nyingine.

Wanawake wenzake walimtania. "Mke wa Kashindi anamwogesha mwanawe!"

"Ndiyo," aliwajibu. "Na wangu halii sabuni ikimwingia machoni."

Alicheka nao, kisha akarudi na ndoo tupu, na njiani kicheko kikamwisha.

Siku moja kipuri kikafika na meli. Injini ikafungwa, Kashindi akajitwisha kofia yake ya unahodha, akapanda botini mbele ya watu. Hatua ya kwanza, kimya. Hatua ya pili, krak! Sakafu ikafunguka na mguu wa mzee ukazama mpaka pajani.

"Mwavita!" akapiga kelele. "Mwavita, boti imenimeza!"

Mkewe alikimbia. Lakini alipofika alisimama kidogo kabla ya kumpa mkono, kwa sababu jina lake lilikuwa limeitwa hadharani, na alitaka lisikike sikioni mwake kwanza.

Sakafu yote ilikuwa imeoza. Na kule Kasisiro kuna desturi: boti ikivuliwa sakafu yake ikavishwa nyingine, inahesabiwa imezaliwa upya, na ni lazima ipewe jina kabla injini haijanguruma. Ikinguruma bila jina, watoto walioko juu ya miamba wana haki ya kuipa jina wanalotaka, na watoto hawana huruma. Boti ya jirani mmoja inaitwa Kikohozi mpaka leo. Jina likishatolewa limetolewa, na kila boti inaporudi, watoto hulipaza kutoka miambani kwa sauti inayofika mpaka mashambani kule juu.

Kashindi, mguu ungali shimoni, akainua mkono. "Sikilizeni! Atakayeipa boti hii sakafu, jina lake ndilo litakaloandikwa hapa ubavuni. Nimesema, na nimesema mbele ya watu."

Mke wa Kashindi alijiona amekwisha kufa na kuzikwa, na boti inakata kona ya mwamba, na watoto wanaruka wakipaza sauti: Mwavita! Mwavita! Usiku ule aliiweka miwani ya mumewe mahali pake.

Sasa tuje kwenye mbao. Sakafu ya boti ile haikutaka mbao ya hivi hivi, ilitaka mvule, na mvule mkavu haukupatikana kijijini ila kwenye dari moja. Dari hiyo ilikuwa ya Mama Riziki, mjane. Marehemu mumewe aliacha mbao za mvule kwa ajili ya kitanda cha harusi cha binti yao wa mwisho, Asumini, maana bibi harusi wa Kasisiro huenda kwa mume na kitanda chake. Na Asumini alikuwa ameshachumbiwa ng'ambo ya ghuba, harusi ikikaribia.

Asumini alipanda darini mwenyewe, akaziteremsha mbao moja moja. Mama yake akashika kichwa. "Mwanangu, utalala wapi?"

"Mkekani, mama."

"Na mumeo?"

"Mkekani hapo hapo. Kama atanipenda kwa sababu ya kitanda, na aende akaoe kitanda."

Mama Riziki alitaka kukasirika lakini alicheka, na mbao zikaenda bandani. Asumini alitoa sharti moja tu: boti iwe tayari siku ya harusi yake, imvushe ghuba kama ilivyomleta mama yake alipokuwa bibi harusi.

Sasa fundi. Fundi aliitwa Sumaili, mtu mrefu wa maneno machache, ambaye akiupapasa ubao utadhani anampapasa punda mgonjwa. Alisema kazi hii hataki ujira, boti ya Kashindi ndiyo iliyomfanya apende ufundi alipokuwa mdogo. Aling'oa sakafu ile mbovu. Chini yake akayaona mataruma, zile mbavu za boti zinazobeba sakafu na kushika ubavu na ubavu. Mengine yalikuwa mazima. Mengine yalikuwa meusi. Alichomeka kisu kwenye moja, kikaingia kama kwenye muhogo uliochemshwa.

Kila asubuhi Asumini alipita bandani. "Shikamoo, Fundi. Bado?"

"Marahaba. Bado."

Kesho yake: "Shikamoo, Fundi. Bado tu?"

"Marahaba, mwanangu. Bado tu."

Na keshokutwa yake alikuja, akasimama mlangoni akimtazama kwa yale macho ya bibi harusi. Fundi Sumaili akahesabu moyoni: kubadilisha mataruma kutakula siku nyingi, na harusi imeshagonga hodi. Akazipiga randa zile mbao za kitanda, akazipigilia misumari ya shaba, akayafunika mataruma meusi na sakafu mpya.

Jamani, sakafu ile ilipendeza! Ilikuwa nyekundu, laini, unaona aibu kuikanyaga na viatu. Watu walipanga foleni kuja kuitazama. Mke wa Kashindi aliifuta kwa khanga yake. Kila aliyeingia alisema, "Fundi, Mungu akubariki mikono," na kila baraka ilimchoma Sumaili. Chakula kikamshinda.

Siku moja kabla ya harusi, watu wakiwa wanafunga maua kwenye boti, Sumaili akaja na mtaimbo.

"Shukeni," akasema.

"Fundi, vipi?" Asumini akauliza.

"Shukeni wote."

Akaanza kuing'oa sakafu yake mwenyewe, ubao baada ya ubao, taratibu ili mbao zisipasuke. Asumini akalia. "Fundi, umerogwa? Kesho naolewa!"

"Sijarogwa. Nimekosa usingizi." Akashika taruma moja jeusi, akalivunja kwa mkono, vumbi lake likamwagika. "Hili nililiona, nikalifunika. Tungefika katikati ya ghuba na wewe na mama yako na ngoma zenu, boti ingefunguka. Nitukaneni, nina haki ya kutukanwa."

Hakuna aliyemtukana. Harusi ikaahirishwa. Upande wa bwana harusi wakatuma mtu mwenye uso mkavu kuuliza kama wanakataliwa. Asumini angeweza kumtaja fundi, kosa likamwangukia mwenye kosa. Hakumtaja. "Waambie bibi harusi ndiye hajawa tayari," alisema. Kwa maneno hayo alisemwa ng'ambo ya ghuba, akaitwa msichana wa kujivuta, na alivumilia.

Sumaili alipanda milimani kutafuta miti iliyojipinda yenyewe, kwa sababu taruma lililochongwa kwenye ubao ulionyooka halina nguvu. Kila jioni alishuka na gogo begani na kipande cha ngozi kimetoka. Akachonga, akapima, akachonga tena. Mke wa Kashindi alimletea uji na kukaa naye, na siku nyingine alimshikia upande wa pili wa msumeno. Mataruma yakakamilika, mbao za kitanda zikarudi mahali pake, na safari hii ukiigonga sakafu ilijibu kwa sauti nzito ya kuridhika.

Ikafika siku yenyewe. Boti ikasukumwa mpaka ukingoni, tumbo majini, pua mchangani. Asumini kavaa, mapambo yote mwilini. Watu wa bwana harusi wamekuja kumchukua. Watoto wamejaa juu ya miamba, midomo tayari. Kashindi akasimama ubavuni mwa boti na kopo la rangi nyeupe na brashi.

"Haya," akasema. "Nani ameipa boti yangu sakafu?"

Mke wa Kashindi akatoka mbele kwanza, ndoo yake mkononi. "Mimi," akasema. "Bila maji yangu mbao hizi zingesinyaa zikaachana, na leo mngetia sakafu kwenye tenga. Miaka yote mliyonicheka, mimi nilikuwa ninainywesha. Bila mimi hakuna boti. Bila boti, sakafu ya nini?"

Watu wakasema, "Kweli kabisa."

Asumini naye akatoka, shela likimponyoka. "Mimi," akasema. "Sakafu ni mbao, na mbao ni zangu. Marehemu baba aliniachia kitanda, nami nakwenda kwa watu nikiwa na mkeka. Nimesemwa ng'ambo kule na sijajibu. Bila mimi mngekanyaga hewa."

Watu wakasema, "Kweli kabisa."

Fundi Sumaili hakutaka kusema, lakini walimsukuma. "Mimi," akasema. "Mbao zilikuwa darini, na darini zilikuwa mbao tu. Maji yalikuwa ndooni. Mikono hii ndiyo iliyotia sakafu, tena imeitia mara mbili. Ya kwanza niliitia mkinisifu, ya pili niliitia nikiona haya. Bila mimi, leo tungekuwa tunatafuta maiti kwenye ghuba."

Watu wakasema, "Kweli kabisa," na sasa wakaanza kutazamana.

Asumini akamgeukia. "Lakini Fundi, ulifunika ubovu."

"Nilifunika. Na nani alisimama mlangoni kila siku ananiuliza bado?"

Asumini akainamisha kichwa. Mke wa Kashindi akaona wenzake wawili wameanguka, akasogea hatua moja. "Basi katika watatu sisi, asiye na kosa ni mimi."

Sumaili akamtazama kwa huruma. "Bibi," akasema, "sikutaka kulisema hili. Unajua sakafu ile ilioza kwa nini?"

"Uzee."

"Mvule hauozi kwa uzee, Bibi. Maji uliyokuwa unamwaga, kama yangeishia chini ya sakafu, yangenywesha boti basi. Wewe uliyapandisha mpaka juu ya sakafu, yakakaa juu ya mbao, yakakaa juu ya mataruma. Kila ndoo ya nyongeza ilikuwa inaila boti."

Kashindi akaanza kucheka, akamwona mkewe usoni, akaacha.

Mke wa Kashindi aliweka ndoo chini. Alikumbuka zile ndoo za mwisho, zile za kuhurumia, na jinsi alivyokuwa akiona raha maji yakipanda. Hakujua. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona uchungu, kama mtu aliyempa mwanawe sukari mpaka meno yakamtoka. Halafu akainuka.

"Basi nimeila," akasema. "Lakini nilichokula ni sakafu. Nilichokilinda ni boti. Sakafu imepatikana nyingine. Boti nyingine mngeipata wapi?"

Kashindi akajikuna shingo kwa mpini wa brashi. "Kila mmoja aniambie," akasema, "jina analitakia nini."

"Nimejenga nusu ya boti za ufuko huu," akasema Sumaili. "Zinaitwa kwa wake wa wenyewe, kwa watoto wa wenyewe, moja inaitwa kwa mbwa wa mwenyewe. Hakuna hata moja inayomwambia mtu kwamba mimi niliishi."

"Mimi naondoka," akasema Asumini. "Kule ninakokwenda nitaitwa mke wa fulani. Nataka Asumini abaki hapa kwetu, na boti ikirudi, mama yangu asikie naitwa."

Lile neno "mke wa fulani" lilimpiga mke wa Kashindi. Alimpenda binti yule tangu anatambaa, na sasa alimwona anakwenda kule kule alikokwenda yeye. Angeweza kumwachia. Miguu yake ilikataa kurudi nyuma, nami simlaumu.

"Na wewe, Bibi?" Asumini akamshika mkono. "Wewe ukipewa, boti itaitwaje? Itaandikwa Mke wa Kashindi?" Akasita. Macho yakamtoka kwa mshangao wa kweli. "Bibi, hivi jina lako ni nani?"

Sumaili akamtazama Mama Riziki, Mama Riziki akamtazama jirani, jirani akatazama mchanga. Uji wake waliunywa, misiba yao aliilia, na hakuna aliyelijua jina lake. Siku ile mzee alipozama walisikia amepiga kelele, wakadhani ni kiapo cha kinahodha.

Mke wa Kashindi akamtazama mumewe. Hakulitaja. Alisubiri yeye alitaje.

Kashindi akawatazama wote watatu. Akamtazama mkewe muda mrefu zaidi, na watu wa bwana harusi wakaanza kunong'onezana: huyu ni mumewe, atahukumuje? Naye alisikia, na lile neno lake la "mbele ya watu" lilimbana. Fundi wa injini, asiye na habari, akaita kutoka botini: "Mzee, niiwashe?" Watoto kule juu wakavuta pumzi. Kashindi akachovya brashi kwenye rangi, akainua mkono mpaka kwenye ubao, akafungua mdomo.

Mimi nawaachia hapo hapo. Msinitazame, nami nilipokea hadithi hii ikiwa na brashi hewani. Mmoja aliilinda boti, na kwa kuilinda akaila. Mmoja alitoa kitanda chake, na kwa haraka yake nusura azamishe harusi yake. Mmoja aliyafunika maovu, kisha akayafunua mwenyewe. Tone la rangi limeshadondoka mchangani, na mkono wa fundi wa injini uko kwenye kamba ya kuwashia.

Haya, semeni upesi, na mtakayemchagua mtajeni kwa jina lake, kwa sauti ya kufika milimani: je, nani alistahili?